Nilimsamehe Dereva Wangu kwa Kosa Langu Mwenyewe

Kosa ni langu. Nianze na hilo, kwa sababu miaka mitatu sasa kila nikitaka kulisema naanza na mambo mengine. Naanza na barabara mbaya, naanza na lori kuukuu, naanza na shetani. Wapi! Shetani hakushika spana siku hiyo. Mimi ndiye niliyeishika.

Jina langu sitakuambia. Jua tu mimi ni mtu wa Meru, nililelewa Kaaga, na siku hizi naishi mtaa wa Majimbo hapa Embu na mke wangu na watoto. Majina ya hao wengine nimeyabadilisha, lakini kuna mmoja akisoma haya atajijua. Nataka ajijue.

Nilikuwa na lori moja la kubeba ndizi. Moja tu, tena la zamani, lakini dereva wangu alikuwa ananiita tajiri, vile madereva huita kila mwenye gari hata kama suruali yake ina kiraka. Huyo dereva tumwite Mzee Njeru. Kwao ni Karurumo. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka mingi, angeweza kuwa baba yangu mdogo, na mimi nilimwita mzee, kamwe sikumwita kwa jina tupu.

Wacha nikueleze Mzee Njeru alikuwa mtu wa aina gani, maana bila hilo hutaelewa nilichofanya. Huku kwetu ni milima tupu, unapanda unashuka, unapanda unashuka. Madereva wengi wakifika mteremko huweka gia nyutro, gari inajiteremkia yenyewe, dizeli inabaki kwa tangi. Halafu hiyo iliyobaki inauzwa kando ya barabara, kwa mtungi, kwa chupa, na mwenye gari hajui. Ni wizi, lakini umezoeleka mpaka watu wanauita ujanja.

Mzee Njeru hakuwahi. Hata mara moja! Alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa anashuka mlima na gia ya pili, pole pole, akiimba nyimbo zake za Kiembu, huku nyuma yake msururu wa magari yanapiga honi. Ukimwambia aongeze mwendo alikuwa anasema, "Injini ndiyo inashika gari, tajiri. Breki ni ya kusaidia tu." Nilimcheka kwa hilo. Nilimcheka mara nyingi sana.

Basi ikafika siku pampu ikakufa. Sio ile kubwa ya injekta, ni ile ndogo inayovuta dizeli kutoka tangi na kuipeleka mbele. Pampu yenyewe haikuwepo Embu, ikabidi iagizwe Nairobi, na waliniambia ningoje wiki. Wiki! Na ndizi zimeshakatwa na wakulima, zimepangwa kando ya barabara, zinaiva zikiniangalia.

Sasa mimi ni fundi wa kujifunzia. Sijaenda chuo, lakini Majimbo nzima inajua mkono wangu. Redio, jiko, pampu ya maji, nilikuwa natengeneza chochote. Watu waliniita injinia, na sikuwaambia wakome. Nilipenda hilo jina kuliko nilivyopenda jina nililobatizwa. Aibu yangu inaanzia hapo, kabla hata ya dizeli.

Nikajiambia, pampu ya nini? Dizeli ni kama maji, ukiiweka juu inashuka yenyewe. Nikachukua mtungi wa plastiki wa lita ishirini, ule wa manjano wa mafuta ya kupikia. Nikatoboa karibu na chini, nikafunga koki ya chuma yenye kishikio chekundu, nikaizungushia raba na gundi. Kutoka kwa koki nikashusha paipu mpaka kwa chujio na injini. Mtungi nikaufunga juu ya paa la kabini kwa kamba za tyubu. Na kwa sababu mitungi hupotea ovyo kwenye vituo vya mafuta, nilipasha msumari moto nikachoma herufi mbili za jina langu chini ya mtungi, pale kwa kitako.

Tukapiga starta. Injini ikashika mara moja! Majirani wakapiga makofi. Mzee Njeru aliuangalia ule mtungi juu ya kichwa chake, akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Mungu atupeleke."

Siku mbili ulifanya kazi vizuri. Kifuniko nilikuwa nimekitoboa tundu dogo, mtungi uvute hewa dizeli ikishuka. Hilo nililijua. Nasema tena, nililijua! Asije mtu akasema masikini hakujua. Mtungi usipovuta hewa, dizeli inakataa kushuka. Mtoto aliyewahi kuziba chupa ya maji kwa kidole anajua.

Shida ikawa hilo tundu. Gari ikiruka kwenye mashimo, dizeli ilitoka pale ikamwagikia kioo cha mbele. Siku ya tatu tulienda Karurumo, kwao Mzee, kupakia ndizi. Mimi nilienda pia, kwa boda, kuongea na wakulima. Tukimaliza kupakia Mzee akaniita.

"Tajiri, hii dizeli inanirukia kwa kioo. Wiper inaipaka tu. Sioni mbele."

"Nitaiangalia, mzee. Enda kunywa chai."

Akaenda kunywa chai. Nikapanda juu, nikajaza mtungi karibu mpaka mdomoni, na lile tundu nikaliziba. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakiweka chini ya kifuniko, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Nilijua inatakiwa paipu ndogo ya kupumulia, ndefu, iinuke juu. Nilikuwa nayo nyumbani Majimbo. Nikasema, ni safari fupi tu, tukifika nitaiweka. Bado kulikuwa na nafasi kidogo ya hewa, nikajidanganya, itatosha kutufikisha.

Mzee alirudi akipangusa mdomo, akakuta nimepangusa na kioo kinang'aa. Alifurahi. "Ahsante, tajiri, sasa naona." Mimi sikumwambia nimefanya nini. Sio kwamba nilificha, hapana, ni kwamba sikuona haja ya kumweleza dereva mambo ya ufundi.

Akatoka mbele, mimi nikafuata kwa boda nyuma.

Kuna mteremko huko, unashuka mpaka kwa daraja dogo, na nyumba ya Mzee Njeru inaonekana kutoka barabarani. Ameushuka tangu akiwa mtoto anachunga mbuzi. Tulipofika juu yake nililiona lori letu likianza kushuka vile alivyozoea, polepole. Halafu nikaona linaongeza mwendo.

Nikamwambia yule wa boda, "Mzee leo ana haraka." Tulicheka. Nakwambia tulicheka!

Halafu halikuwa linashuka tena, lilikuwa linaanguka na barabara. Taa za breki zimewaka, nyekundu, na mwendo haupungui. Honi ikalia, ndefu. Kwenye kona ya mwisho kabla ya daraja kulikuwa na kina mama na mizigo ya majani, na nikaona lori likikata kushoto, likaacha barabara, likagonga ukingo wa udongo kwa uso wake. Wale mama hakuna hata mmoja aliyeguswa. Mzee alichagua ukingo.

Watu walitoka mashambani wakikimbia. Kabini ilikuwa imekunjika, Mzee amebanwa na usukani, mguu umeingia chini ya chuma. Watu watano, sita wanavuta mlango. Nilisikia sauti yake, dhaifu, inaniita. "Tajiri? Tajiri yuko?"

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipouzia roho yangu.

Sikuenda mlangoni. Miguu yangu ilinipeleka kwa mtungi.

Nilipanda kwa boneti, nikapanda juu ya paa la kabini, na yeye yuko chini ya hilo paa, chini ya viatu vyangu, na nilipokanyaga bati lilibonyea nikamsikia akiguna. Mtungi ulikuwa hapo, bado umefungwa. Ulikuwa na dizeli nyingi tu, na mbavu zake zote mbili zimenyonywa ndani, umekonda kama mtu aliyezuia pumzi. Nikalegeza kifuniko.

Ukavuta pumzi. Haki ya Mungu, ulivuta pumzi! Shuuu, halafu plastiki ikalia po! po! mbavu zikarudi mahali pake. Na kwenye paipu nikaona dizeli inaanza kushuka tena, taratibu, kama hakuna kitu kimetokea.

Nilijua kila kitu hapo hapo. Mzee alikanyaga klachi abadilishe gia, injini ikiwa imenyimwa mafuta ikazima. Injini ya lile lori ikizima, breki inakuwa ngumu kama jiwe, usukani unakuwa mzito, na gia ikishatoka hairudi, inabaki nyutro. Hakuna kitu angeweza kufanya. Hakuna!

Nikafunga koki, nikakata paipu kwa kisu, nikaushusha mtungi. Mama mmoja akapaza sauti, "Muone tajiri! Anatoa mafuta, gari isishike moto!" Watu wakasema ahsante. Wakanipisha. Niliubeba kando, chini karibu na mto, nikamwaga dizeli yote kwenye udongo, na mtungi nikautupa katikati ya nepia ndefu, yale majani ya kulisha ng'ombe. Niliporudi ndipo nilipoenda kwa mlango kumvuta Mzee na wengine. Alikuwa amezimia tayari. Hakuniona nimekuja.

Askari wa trafiki walipofika waliingiza mkono kabini wakaangalia gia. Iko nyutro. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Ndio hawa wa kuachilia gari ili wabakishe mafuta." Akaniuliza mimi, mwenye gari, kama dereva wangu ana hiyo tabia.

Jibu lilikuwa la neno moja. Hapana. Neno moja tu, ndugu yangu, lingemwokoa.

Nikasema, "Sijui, afande. Madereva unawajua."

Ikaandikwa hivyo. Mzee hakulipwa hata fidia, kwa sababu kosa lilisemwa ni lake. Na maneno yalivyo na mbio, kabla jua halijatua Karurumo yote ilikuwa inasema mzee wa kanisa kumbe ni mwizi wa dizeli, na Mungu amemuumbua mbele ya nyumba yake mwenyewe. Kanisani wakamwomba mkewe arudishe ule ufunguo wa sanduku la sadaka aliokuwa akiutunza mumewe. Hawakumwambia kwa ubaya. Walimwambia ni mpaka mambo yatulie.

Mzee alifungua macho hospitalini siku ya nne. Nilikuwa nimekaa hapo na matunda. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, aniulize mtungi, anitukane, ainuke anishike shati. Alinitafuta kwa macho, akanipata.

"Tajiri. Nisamehe gari."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. Mimi nikamwambia, "Pumzika, mzee," nikatoka nje, matunda bado yako mkononi.

Mguu haukurudi sawa. Alitoka na magongo mawili. Miezi ikapita, mimi chuma cha lori nikakiuza, nikawa nafanya vibarua vya kununua ndizi kwa magari ya watu. Siku moja nikapata neno kutoka Karurumo. Mzee anasema hawezi kukaa na hili jambo, ananiomba niende kwake, ataita wazee wawili, achinje mbuzi, aniombe msamaha mbele yao. Huku kwetu mtu akimkosea mwenzake hasemi pole kwa simu. Mbuzi anachinjwa, watu wanakaa, linazungumzwa, linaliwa, linaisha.

Ningekataa. Ningesema nina homa. Lakini nilijiambia nikikataa watashuku, basi nikavaa koti nikaenda. Mwathani, Bwana Mungu! Nilienda!

Nilipoingia bomani Mama Igoki, ndiye mkewe, alinipokea kwa mikono miwili, akaniita kwa jina la mtoto wangu. "Baba Kendi, karibu, karibu unawe." Akanipeleka kando ya choo, pale walipoweka mtungi wa kunawia juu ya miti mitatu.

Mtungi wa manjano. Koki ya chuma. Kishikio chekundu.

Nilinyoosha mikono kwa sababu yeye alikuwa amesimama hapo na sabuni. Nikafungua koki. Maji yakatoka kidogo, yakakoma.

"Ah, huo ndio unavyofanya," akasema, akanyoosha mkono akalegeza kifuniko. "Ukiufunga kabisa hautoi maji. Lazima uvute pumzi."

Na mtungi ukalia, po! Maji yakashuka mikononi mwangu.

Nikamuuliza, "Mama Igoki, huu mtungi mlinunua wapi?"

"Kununua? Niliuokota kwa nepia nikikatia ng'ombe. Wiki ile Baba Igoki alikuwa hospitali. Ulikuwa unanuka dizeli, nikausugua na jivu mpaka ikaisha. Nani hutupa mtungi mzuri hivi, na koki yake? Nikasema hata kwenye shida Mungu hukumbuka."

Nilipogeuka, Mzee Njeru alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, magongo yake yameegemea ukuta. Alikuwa anatuangalia. Mimi na mtungi.

Tulikaa. Mbuzi alikuwa tayari anachomwa. Mzee akaongea mbele ya wale wazee wawili, polepole, kama alivyoendesha. Akasema aliharibu gari la mtu aliyemwamini. Akasema hiyo nyutro hajui iliingiaje, lakini gari ilikuwa mikononi mwake, na mwenye kushika usukani ndiye mwenye lawama. Halafu akaniangalia mimi peke yangu.

"Lakini kuna kitu kinanisumbua, tajiri. Naona kama injini ilizima kwanza. Naona nilikanyaga klachi, na nikasikia kimya. Kimya kabisa. Halafu breki ikakataa. Wewe ni fundi. Inawezekana?"

Wale wazee wakanigeukia. Mama Igoki alikuwa amesimama na sinia.

Mlango ulikuwa wazi, msomaji wangu. Mtu alinifungulia mlango kwa mkono wake, akausimamia, akaningoja nipite. Nami nikasema, "Hapana, mzee. Ni mawazo tu. Uligongwa kichwa."

Mzee Njeru akageuza kichwa. Akaangalia kule kando ya choo. Halafu akasema, "Sawa. Kama ni wewe unasema, nimekubali."

Mzee mmoja akakata nyama, akasema nionje mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyekosewa. Nikaonja. Nikatafuna mbele yao wote, nikameza, nikasema nimemsamehe. Wakapiga makofi, wakaomba. Mama Igoki alilia kwa furaha akasema sasa mumewe atalala.

Yeye alilala. Mimi ndio nikaanza kukosa amani, hata mchana, hata sokoni katikati ya watu. Lori likizimwa karibu yangu, kile kimya kinachofuata, nasimama kama nimeitwa. Jua likipiga mtungi wa plastiki ukalia po, naruka. Siku moja mke wangu alileta mtungi wa manjano nyumbani, mpya, nikautoa nje nikaukatakata kwa panga mbele ya watoto. Aliniuliza nina nini. Nikamwambia una sumu.

Na kuna swali moja linanitafuna kuliko yote. Je, alijua? Mtu aliendesha siku tatu na ule mtungi juu ya kichwa chake. Aliona ile koki. Kisha akakaa kwenye kigoda miaka miwili akiutazama kila asubuhi, akiunawia mikono, akimsikia mkewe akisema lazima uvute pumzi. Mzee aliyejua injini kwa sikio tu! Tangu siku ya ajali mpaka kifo chake hakuwahi kunitajia mtungi. Hata mara moja. Ningejua kama alisahau, ningepumua. Ningejua kama alijua akanyamaza, basi sijui ningefanya nini.

Sitajua. Amekufa. Mvua hii iliyopita ilimletea kifua, akalala wiki moja, akaenda. Daktari alisema ni mapafu. Sawa, ni mapafu. Lakini tangu aumie ule mguu alikuwa mtu wa kukaa kwenye baridi, pale kigodani.

Nilienda mazishini. Nilikuwa na mpango, na utanicheka. Nilinunua mtungi mpya, wa bluu, wenye koki nzuri kutoka dukani, niliupeleka kwa Mama Igoki kama zawadi. Nikamwambia, "Watu watakuwa wengi, tumia huu, ule wa zamani nitakutupia." Alinishukuru sana. Akaupokea ule wa bluu, akauweka kando ya ule wa manjano. "Yote miwili itafanya kazi," akasema. "Ule siutupi, Baba Kendi. Ule tumezoeana nao."

Wakasoma historia ya marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akaendesha magari. Halafu msomaji akasoma, nakumbuka neno kwa neno, "Mzee alipata ajali kwa makosa yake, akatubu, na tajiri wake akamsamehe kabla hajafa." Watu wakaguna kwa kuridhika. Mchungaji akaniona, akaniita mbele niseme neno moja juu ya marehemu.

Nikashika maikrofoni. Mama Igoki alikuwa amekaa mbele, leso kichwani, akiniangalia kama vile mimi ndiye nimebeba heshima ya mumewe mkononi. Na kweli nilikuwa nimeibeba. Midomo yangu ilifunguka kusema. 

Nikasema, "Nilimsamehe kwa moyo wangu wote."

Wakasema amina! Na baada ya kaburi kufukiwa nilisimama kwenye foleni kunawa udongo, na foleni niliyojikuta ndani yake ilikuwa ya mtungi wa manjano. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja aliyesema, pole tu, bila ubaya, "Njeru alikuwa mtu mzuri. Ni vile tu tamaa ya dizeli." Wenzake wakaitikia.

Ndiyo sababu naandika. Siwezi tena.

Wewe unayeendesha lori kwa mtungi na paipu, na najua mko wengi kwenye hizi barabara zetu, lisimamishe leo. Usingoje kufika. Mimi nilisema nitafanya nikifika, na mpaka leo sijafika. Na wewe ambaye kuna mtu amebeba lawama yako, haidhuru ni jambo dogo namna gani, nenda kwake angali anaweza kukujibu. Mwache akutukane. Mwache akupeleke kwa polisi. Kutukanwa na mtu aliye hai ni raha, sikujua, nakwambia ni raha. Mimi nilimchezea mtu aliyekuwa ananiomba msamaha, nikajiona nimeponea. Nimeponea nini?

Mama Igoki, sasa naongea na wewe. Nimejaribu kuja mara mbili. Mara ya kwanza niliishia njiani, Runyenjes, mara ya pili nilifika pale kwenye kona ya daraja nikashindwa kuvuka. Basi haya yakikufikia, au akikusomea mtu, mumeo hakuweka nyutro. Hakuiba hata tone. Injini ilizima kwanza, kama alivyosema, na nilikuwa najua. Warudishie hayo maneno kanisani, uwasomee wote.

Kisha nenda kando ya choo, umwage maji yaliyobaki, ugeuze mtungi uangalie kitako. Kuna herufi mbili zimechomwa kwa msumari. Najua umeziona kila ulipousugua na jivu, hukujua ni za nani.

Jina sikuandika huku juu. Liko hapo.